Kupona hepatitis C si mwisho wa kulichunga ini

MGONJWA wa homa ya ini aina ya C anapomaliza dawa na kuambiwa kuwa damu yake haina tena virusi, furaha huwa kubwa, na ana kila sababu ya kufurahi. Ugonjwa huu ni miongoni mwa maradhi machache ya kudumu yanayoletwa na virusi ambayo daktari wa leo anaweza kuyaponya kabisa. Hata hivyo, lipo swali ambalo wengi husahau kuliuliza siku hiyo: je, ini langu limebaki katika hali gani?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua afya ya mtu miaka 10 au 20 baadaye. Aliyetibiwa kabla ini halijaharibika anaweza kuishi kama mtu mwingine yeyote ambaye hakuwahi kuugua. Aliyetibiwa akiwa amechelewa naye hunufaika pakubwa, lakini hubaki na hatari ya kupata saratani ya ini, hatari ambayo haibishi hodi.

Mwendo wa ugonjwa

Homa ya ini aina ya C, ambayo hospitalini hujulikana zaidi kwa jina la hepatitis C, huenea kwa njia ya damu. Sindano iliyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, damu iliyotolewa bila kupimwa, na vifaa vya matibabu au vya kuchanja chale visivyotakaswa ndizo njia zake kuu. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto wake, na ngono pia huweza kuueneza, ingawa si kwa wepesi. Hauenezwi kwa chakula, maji, kukumbatiana wala maziwa ya mama.

Virusi vyake vilitambuliwa mwaka wa 1989. Kabla ya hapo madaktari walijua tu kwamba kulikuwa na homa ya ini iliyowapata watu waliotiwa damu, ambayo haikuwa ya aina ya A wala ya B. Mwaka wa 2020, wanasayansi Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi iliyofumbua fumbo hilo.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu takriban 3 kati ya 10 wanaoambukizwa huviondoa virusi wenyewe katika muda wa miezi 6 bila ya tiba. Waliosalia hubaki navyo, na ugonjwa huwa wa kudumu. Miongoni mwa hao, asilimia 15 hadi 30 hupata sirosisi katika kipindi cha miaka 20. Sirosisi ni hali ambapo nyama laini ya ini imegeuka makovu magumu, ini likajikunyata, na damu ikashindwa kupita ndani yake kwa urahisi.

Tatizo kubwa ni kwamba ini halilalamiki. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka 20 au 30 akilima, akifanya biashara na kulea watoto, huku makovu yakizidi. Wengi hugundua pale maji yanapojaa tumboni, macho yanapogeuka manjano au wanapotapika damu kutokana na mishipa iliyovimba kwenye umio. WHO ilikadiria kuwa mwaka wa 2022 watu milioni 50 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba watu wapatao 242,000 walifariki kwa sababu yake mwaka huo.

Maana ya kupona

Mgonjwa huhesabiwa kuwa amepona pale kipimo kinachosaka virusi vyenyewe kwenye damu kinapokosa kuviona wiki 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho. Zamani muda uliosubiriwa ulikuwa wiki 24. Ni nadra sana kwa virusi hivyo hivyo kurejea baada ya hapo. Ndiyo maana madaktari hawaoni haya kutumia neno kupona, tofauti na ilivyo kwa virusi vya ukimwi au vya hepatitis B, ambavyo dawa za sasa huvidhibiti tu.

Kufika hapa kulichukua miaka mingi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, tiba ilikuwa sindano za intaferoni pamoja na vidonge vya ribavirini, kwa muda uliofika wiki 48 kwa baadhi ya aina za virusi. Mgonjwa alipata homa, uchovu, upungufu wa damu, na wengine sonona kali. Baada ya mateso hayo yote, waliopona aina iliyo sugu zaidi ya virusi hivyo hawakufika hata nusu.

Dawa ya sofosbuviri ilipoidhinishwa nchini Marekani mwezi Desemba 2013, mambo yalibadilika. Dawa za kundi hilo humezwa, huhitaji wiki 12 kwa wagonjwa wengi, hazina karaha za intaferoni, na huponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaozitumia. Kikwazo kilikuwa bei. Nchini Marekani, dozi kamili ya wiki 12 ya sofosbuviri ilianza kuuzwa kwa dola 84,000.

Funzo kutoka Misri

Hakuna nchi inayoonyesha uzuri na mipaka ya tiba hii kama Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya nchi hiyo iliendesha kampeni ya kuwadunga wananchi sindano za kutibu kichocho, ugonjwa uliokuwa umeenea katika vijiji vya bonde la mto Nile. Nia ilikuwa njema, lakini sindano zilitumiwa kwa mtu baada ya mtu bila kutakaswa ipasavyo. Virusi ambavyo wakati huo havikuwa vimejulikana vikasafiri kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Matokeo yake yalionekana miongo kadhaa baadaye. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa karibu asilimia 15 ya Wamisri wa umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa wamewahi kuambukizwa. Mwaka wa 2014 serikali ilikubaliana na watengenezaji wa sofosbuviri kuinunua kwa dola 900 kwa dozi ya wiki 12, kisha viwanda vya humo nchini vikaanza kuitengeneza na bei ikashuka hadi chini ya dola 100.

Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, Misri iliwapima watu wazima karibu milioni 50 katika kampeni ya miezi saba, na waliopatikana na virusi wakapewa dawa bila malipo. Mwezi Oktoba 2023, WHO iliitangaza kuwa nchi ya kwanza duniani kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Hata hivyo, saratani ya ini imeendelea kuwa miongoni mwa saratani zinazoongoza nchini humo. Mkulima aliyedungwa sindano akiwa mvulana katika miaka ya 1960 alikuwa ameishi na virusi kwa nusu karne alipopewa vidonge. Virusi viliondoka kwa wiki 12. Makovu ya miaka 50 hayaondoki kwa wiki 12.

Miaka 10 baadaye

Je, kupona kunaongeza maisha kweli? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, uliwafuatilia wagonjwa 530 wa hospitali tano za Ulaya na Kanada. Wote walikuwa na makovu mazito au sirosisi, na walikuwa wametibiwa kwa dawa za zamani. Katika miaka 10, asilimia 8.9 ya waliopona walikuwa wamefariki kwa sababu yoyote ile, ikilinganishwa na asilimia 26 ya wale ambao tiba haikuwafaa. Waliopata saratani ya ini walikuwa asilimia 5.1 kwa waliopona, na asilimia 21.8 kwa wasiopona.

Dawa mpya nazo zimepimwa kwa njia hiyo. Mwaka wa 2019, jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wapatao 10,000 nchini Ufaransa. Katika muda wa karibu miaka mitatu, hatari ya kufa kwa waliotumia dawa hizo ilikuwa takriban nusu ya ile ya wasiotibiwa, na saratani ya ini pia ilipungua. Matokeo hayo yalisaidia kutuliza hofu iliyozuka mwaka wa 2016, pale baadhi ya madaktari nchini Uhispania waliposhuku kwamba dawa mpya huchochea saratani kurudi.

Habari njema nyingine ni kwamba makovu yenyewe yanaweza kupungua. Virusi vikiondoka, uvimbe ndani ya ini hutulia, na ini huanza kujijenga upya pole pole. Madaktari wa Italia waliwachunguza wagonjwa 38 wenye sirosisi kwa kutwaa vipande vidogo vya ini kabla ya tiba na tena takriban miaka 5 baada ya kupona. Katika asilimia 61 kati yao, hali ya sirosisi ilikuwa imerudi nyuma. Lakini ina maana pia kuwa karibu 4 kati ya kila 10 hawakuonyesha badiliko hilo.

Saratani isiyosahau

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukosea. Kupona hupunguza hatari ya saratani ya ini kwa takriban robo tatu, lakini hakuiondoi kwa aliyekwisha kupata sirosisi. Utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wa zamani zaidi ya 22,000 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa, kati ya kila watu 100 wenye sirosisi ambao walikuwa wamepona hepatitis C, karibu 2 walipata saratani ya ini kila mwaka. Idadi hiyo yaweza kuonekana ndogo. Ikijumlishwa kwa miaka 10, si ndogo tena.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya kitabibu humtaka kila mwenye sirosisi apigwe picha ya ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6, hata kama virusi vimeondoka. Wataalamu wa Ulaya huwajumuisha pia wale wenye makovu mazito ambayo hayajafikia kiwango cha sirosisi. Uvimbe ukionekana ukiwa mdogo, unaweza kukatwa au kuchomwa. Ukingojewa hadi ulete maumivu, mara nyingi kinachobaki kwa daktari ni kumpunguzia mgonjwa mateso tu.

Kwa asiyekuwa na makovu mazito, mambo ni mepesi. Akishapona, kwa kawaida hahitaji kufuatiliwa na kliniki ya ini, mradi hana tatizo jingine la ini kama vile mafuta kupita kiasi, hepatitis B au ulevi. Basi ni muhimu kiwango cha makovu kipimwe kabla ya kuanza dawa, ama kwa mashine ya kupima ugumu wa ini, ama kwa hesabu inayotumia vipimo vya kawaida vya damu na umri wa mgonjwa. Njia hiyo ya pili haina gharama kubwa na inaweza kufanywa katika hospitali nyingi za kaunti.

Zaidi ya ini

Hepatitis C haikai kwenye ini pekee. Huweza kuudhuru mfumo wa damu, figo, mishipa ya fahamu na ngozi, na huongeza uwezekano wa kupata kisukari na aina fulani za saratani ya tezi. Mengi kati ya hayo hupata nafuu virusi vinapoondoka, na wagonjwa wengi husema uchovu uliowaandama kwa miaka umewatoka. Figo zilizokwisha kuharibika, hata hivyo, huenda zisirejee zilivyokuwa.

Wenye kisukari wanapaswa kuwa waangalifu wakati wa tiba, kwa kuwa sukari huweza kushuka na kiasi cha dawa zao kikahitaji kupunguzwa. Kwa upande mwingine, mafuta mabaya kwenye damu huelekea kupanda baada ya kupona, hivyo ni busara kuyapima.

Kundi jingine la kuangaliwa ni wenye hepatitis B, ambayo hapa Kenya imeenea zaidi kuliko C. Virusi vya C huweza kuvikandamiza vya B. Vya C vikiondolewa, vya B huweza kuinuka kwa ghafla. Mwezi Oktoba 2016, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu jambo hilo liwekwe kwenye dawa zote za kundi hili. Kila mgonjwa anafaa kupimwa hepatitis B kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Maisha yanayomzunguka mgonjwa

Mwezi Agosti 2023, jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu 21,000 waliopona hepatitis C nchini Uingereza, Scotland na katika jimbo la British Columbia nchini Kanada. Viwango vya vifo vyao vilikuwa kati ya mara 3 na mara 14 ya vile vya watu wengine katika jamii, kutegemea mahali na hali ya ini. Wenye sirosisi wengi waliuawa na maradhi ya ini. Wasiokuwa na sirosisi wengi waliuawa na dawa za kulevya.

Funzo hilo linatuhusu. Nchini Kenya, hepatitis C imejikita hasa miongoni mwa wanaojidunga heroini. Utafiti uliofanywa Nairobi na Pwani uliwapata zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wa kundi hilo wakiwa na dalili kwenye damu za kuwahi kuambukizwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2014 Kenya ilianza kuwapa waraibu methadoni, dawa inayomezwa mahali pa heroini, jijini Nairobi, na baadaye huduma hiyo ikafika Malindi na Mombasa. Kumponya kijana virusi kisha kumrudisha kwenye sindano ile ile ni kumwaga maji kwenye pakacha. Tiba ya virusi na tiba ya uraibu zinafaa kwenda pamoja.

Kupona hakumpi mtu kinga. Anaweza kuambukizwa tena, mara ya pili hata ya tatu, kwa kuwa mpaka sasa hakuna chanjo ya hepatitis C. Akiambukizwa tena hutibiwa tena, na dawa humfaa, lakini ini hupata jeraha jipya.

Cheti cha kupona

Lipo jambo jingine linalowasumbua waliopona. Kipimo cha kwanza cha hepatitis C husaka kingamwili, yaani askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na virusi. Askari hao hubaki kwenye damu kwa miaka mingi hata baada ya adui kuondoka. Kwa hiyo, aliyepona akipimwa kwa kipimo hicho ataambiwa tena kuwa ameathirika.

Hili huleta fadhaa mtu anapopimwa kwa ajili ya upasuaji, au pale vijana wetu wanapotafuta kazi katika nchi za Ghuba, ambako hepatitis C ni miongoni mwa maradhi yanayopimwa. Aliyepona anashauriwa kuhifadhi majibu ya kipimo cha virusi vyenyewe na barua ya daktari, na kueleza mapema kwamba alitibiwa. Kwenye benki ya damu, hata hivyo, huwa hakubaliwi kuchangia, na asiione hali hiyo kuwa dharau.

Ya kuzingatia baada ya tiba

Aliyepona anaweza kulilinda ini lake kwa mambo ambayo hayahitaji mtaalamu. La kwanza ni pombe. Ini lenye makovu halina kiasi salama cha pombe, iwe ya dukani au ya kienyeji. La pili ni uzito wa mwili na kisukari, kwani mafuta yanayojaa kwenye ini huendeleza kazi ya uharibifu iliyoachwa na virusi.

La tatu ni chakula. Mahindi na njugu zilizoota kuvu hubeba sumukuvu, ambayo huchangia saratani ya ini. Wakenya hawajasahau mwaka wa 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Nafaka ikaushwe vizuri na ihifadhiwe mahali pakavu.

La nne ni dawa. Mwenye sirosisi asimeze dawa za maumivu wala mitishamba bila kumuuliza daktari au mfamasia. La tano ni chanjo ya hepatitis B. Watoto wa Kenya wamekuwa wakiipata tangu mapema miaka ya 2000, lakini watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Mwisho, wembe, miswaki na vifaa vya kukatia kucha visitumiwe na watu wawili.

Juu ya yote hayo, mgonjwa asiondoke kliniki siku ya mwisho bila kuuliza maswali matatu. Ini langu lilikuwa na makovu kiasi gani kabla ya tiba? Je, nahitaji kupigwa picha kila miezi 6, na kwa muda gani? Nimrudie nani nikiona dalili mpya? Majibu yaandikwe kwenye kadi, kwa maana daktari huweza kuhamishwa na mgonjwa akahama mji.

Dawa zimefanya kazi ambayo miaka 20 iliyopita ilionekana kuwa ndoto. Aliyepimwa mapema na kutibiwa mapema ana kila sababu ya kuisahau hepatitis C. Aliyechelewa amepewa miaka ambayo hangeipata, na ili asiipoteze, kila baada ya miezi 6 anapaswa kurudi hospitalini hata kama hasikii maumivu yoyote.